Mto Kongo: vinamasi vinavyosahauliwa na kompyuta

Januari 2024, mto Kongo ulipanda hadi mita 6.20 huko Kinshasa, karibu na rekodi ya mita 6.26 ya mwaka 1961. Nyumba za kando ya mto zilizama.

Kukadiria mafuriko ya namna hiyo bado ni kazi ngumu. Mvua ikishanyesha, programu nyingi za tabianchi huyapeleka maji moja kwa moja baharini. Kumbe Lualaba hutawanyika kwanza kwenye vinamasi vya Upemba, na mbele zaidi maji mengi hukawia katika misitu ya bonde la kati.

Watafiti sasa wanaviingiza vinamasi hivyo katika hesabu. Lakini hesabu husahihishwa kwa vipimo vya mtoni, la sivyo ni kubahatisha kwa mashine ghali. Kinshasa inapima tangu mwanzo wa karne ya 20. Huko juu, vituo vingi vya kabla ya uhuru vimekufa.