Kwa Nini Sukari ya Kumi ni Ghali Kuliko Sukari ya Kilo?

Kama wewe ni mwanafunzi wa kutwa kama mimi na umelelewa hapa Bisil, bila shaka umewahi kutumwa dukani jioni. Unapewa shilingi hamsini, unaambiwa ulete sukari ya ishirini, mafuta ya kupima ya ishirini, na majani ya kumi. Unakimbia, unarudi, chai inapikwa. Kesho yake jioni unatumwa tena, vitu vilevile, pesa zilezile.

Muhula wa pili jambo hili lilinikera. Nilikuwa nimesimama kaunta nikimwona mama mmoja akinunua pakiti nzima ya sukari kwa shilingi 160, nami nikiwa na vile vikaratasi vyangu viwili vya kumi kumi. Nikajiuliza, je, sisi wawili tumeuziwa bei moja? Nikaamua kupima.

Nilianza na sukari. Kwa ruhusa ya mwalimu wa Kemia nilipima vikaratasi sita vya sukari ya kumi kwa mizani ya maabara. (Wenzangu walicheka sana siku hiyo, na kikaratasi kimoja kiliibwa na kulambwa kabla hakijapimwa. Mwizi namjua.) Havikulingana, kimoja gramu 47, kingine 52, lakini kwa wastani kila kimoja kilikuwa na gramu 50. Basi kilo moja ni vikaratasi 20, yaani shilingi 200. Yule mama wa pakiti alilipa 160.

Mafuta nayo niliyapima kwa silinda. Yale ya shilingi 20 yalifika mililita 50, kwa hiyo lita ni shilingi 400. Katika duka hilohilo, juu ya rafu, lita iliyofungwa ilikuwa shilingi 300. Sabuni haikuhitaji maabara: mche mzima 200, ukikatwa vipande kumi kila kipande ni 25, jumla 250.

Sasa tupige hesabu ya mwezi. Nyumbani kwetu sukari ya ishirini kila siku ni kilo tatu kwa mwezi: tunalipa 600 badala ya 480. Mafuta ni lita moja na nusu: tunalipa 600 badala ya 450. Sabuni tunatumia mche mmoja, tunaongeza 50. Ziada yote ni shilingi 320. Kwa mwaka ni 3,840, na ye yote aliyewahi kusimama kwenye soko letu la mifugo anajua kwamba hiyo inakaribia bei ya mbuzi mdogo. Kwa maneno mengine, kila mwaka tunachinja mbuzi mmoja ambaye hakuna aliyemla.

Nilimpelekea mama daftari langu kwa majivuno. Akalitazama, akaniuliza, "Na hiyo elfu moja mia moja na thelathini ya kununua vyote pamoja, nitaitoa wapi siku moja?"

Sikuwa na jibu. Mama huuza maziwa. Siku nzuri hupata lita mbili za kuuza, hapo ana shilingi mia moja na kitu. Pesa zake huingia kidogo kidogo, basi hutoka kidogo kidogo. Akiweka mia leo, kesho kuna daftari la mtoto, keshokutwa kuna dawa ya ndama. Hata akifaulu kuweka, pakiti kubwa ikiwa ndani ya nyumba huliwa haraka, wageni nao hawaishi. Sukari ya kumi ina hasara yake, lakini inajua kujizuia yenyewe.

Basi hasira yangu ikahamia kwa mzee wa duka. Nilimwendea nikidhani nimemshika. Nilimwonyesha hesabu. Hakukasirika. Alivuta kiti akaniambia, "Ero, kaa hapa. Unafikiri hiyo arobaini nimeila mimi?"

Akanieleza. Yeye hununua gunia la kilo 50 kwa muuzaji wa jumla Kitengela. Gunia hulipiwa nauli kwenye barabara ya Namanga, likapita Isinya na Kajiado mpaka hapa. Akilipima kwa vikaratasi hapati vikaratasi elfu moja. Nyingine humwagika, nyingine hushika unyevu, na mkono wa mtu si mashine. Zamani alifunga kwa juala la nailoni, lakini tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya na faini yake ni kubwa, kwa hiyo hununua karatasi. Kisha kuna muda: anayenunua pakiti humalizwa kwa dakika moja, sisi wa kumi kumi tunajaza duka jioni nzima. Halafu akafungua mtoto wa meza akatoa kitabu cha madeni. Sikuruhusiwa kusoma majina ila kuona wingi wa kurasa.

Nilipata hapo jambo ambalo sikulifikiria. Ile ziada si bei ya sukari. Ni bei ya kupimiwa, kufungiwa, kukopeshwa na kungojewa. Mwenye pesa nyingi hahitaji huduma hizo, kwa hiyo hazilipii. Asiye nazo huzinunua kila siku bila kujua kwamba amezinunua.

Ukishaona hivyo dukani utaona kila mahali. Chukua maji. Kwenye kioski cha kisima tunalipa shilingi 5 kwa mtungi wa lita 20. Ukiletewa na punda mpaka nyumbani ni 20. Jirani yetu mwenye tangi la lita 10,000 aliletewa lori zima kwa shilingi 6,000. Lori hilo ni mitungi 500, kwa hiyo kila mtungi ulimgharimu shilingi 12, na ulifika mlangoni. Sisi tukinunua maji hayohayo kwa punda tungelipa 10,000. Tofauti ya jirani na sisi si kwamba yeye ni mjanja. Ana tangi.

Chukua pia simu. Huduma ya M-Pesa ilianza hapa Kenya Machi 2007, na leo nyumba nyingi za hapa kwetu huletewa pesa kwa njia hiyo. Katika orodha ya ada ya mwaka 2023, anayetoa kwa wakala kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 hukatwa 29. Ukitoa 2,500, hiyo ni kama shilingi moja katika kila mia. Ukitoa 200, ni zaidi ya shilingi kumi na nne katika kila mia! Ada ni moja, mzigo si mmoja.

Wala si Bisil peke yake. Mwaka 1963 msomi mmoja wa Marekani, David Caplovitz, alitoa kitabu kuhusu familia za kipato cha chini katika jiji la New York. Aliwakuta wakinunua fanicha na televisheni kwa mkopo, kwa bei ya juu kuliko waliyolipa wenye nafasi, kwa sababu maduka mengine hayangewakopesha. New York na majumba yake yote, na bado kitabu cha madeni ni kilekile.

Wengine watauliza, serikali iko wapi? Walimu wetu wakubwa wanakumbuka enzi ambapo bei za unga na sukari zilipangwa na serikali, mpaka zilipoachiwa soko miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 2011 bunge lilitunga sheria ya kumruhusu waziri kuweka bei ya juu kabisa ya bidhaa muhimu. Mei 2017 unga wa ruzuku wa kilo mbili uliuzwa shilingi 90, na Julai 2022 ukauzwa 100. Msaada ulikuwa msaada, lakini angalia: bei hizo zote ni za pakiti. Hakuna waziri aliyewahi kupanga bei ya kikombe kimoja cha unga. Asiyekuwa na 90 kwa mkupuo hakuonja ruzuku yote. Mafuta ya taa nayo yaliongezwa tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli. Sababu ilikuwa nzuri, ila taa ya nyumbani haichanganyi dizeli na mtu.

Pahali pamoja tu nimekuta mambo yamegeuzwa: stima. Tangu Aprili 2023 nyumba inayotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini kwa kila uniti kuliko nyumba inayotumia nyingi. Kwa hiyo yawezekana mwenye kidogo kulipa kidogo. Ni watu walikaa wakaamua. Tatizo ni kwamba sisi hatujafikiwa na waya, tuko kwenye mafuta ya taa.

Mama hakulitupa daftari langu. Alilipeleka kwenye chama chao, akina mama kumi na wawili, na wakakubaliana kila mmoja atoe shilingi 100 kwa wiki. Wiki ya saba walituma mtu Kitengela akaleta gunia la sukari, nami nikaitwa kupima kwa sababu mimi ndiye niliyeanzisha maneno. Kila mmoja alipata kilo nne. Zilizobaki ziliuzwa kulipia nauli. Nilipopima nilipungukiwa karibu nusu kilo, na hapo nikamkumbuka mzee wa duka na mkono wake.

Yeye mwenyewe aliniita juzi nikitoka shuleni. Aliuliza tu, "Siku hizi mama hatumii sukari?" Nilisema anatumia. Akatikisa kichwa akaendelea kufunga majani.

Nilimwambia mama. Alinyamaza kwanza. Mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, ng'ombe wetu walikufa wakabaki wawili, na hapakuwa na maziwa ya kuuza. Ni yule mzee aliyetuandika kwenye kitabu chake miezi minane. Chama wakati huo kilikuwa kimevunjika, kila mtu alikuwa hana.

Jioni hiyo alinipa shilingi thelathini. Sukari ilikuwapo ndani, kilo tatu na zaidi. Akanituma nilete chumvi, kiberiti, na sukari ya kumi.