Kuusoma Moshi: Ubainishaji wa Hitilafu katika Magari Yaliyofanyiwa Mageuzi

Utangulizi

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Katika barabara ya Naivasha inayopitia Kawangware, na vilevile katika Kibera Drive, methali hii haihitaji tafsiri. Matatu za njia nambari 46 na nambari 8 hupita hatua chache tu kutoka kwa vibanda vya mboga na milango ya nyumba za watu. Mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Nchini Kenya, Kanuni za Ubora wa Hewa zinadhibiti uchafu unaotolewa na magari. Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi chanzo cha moshi huo kinavyobainishwa gari linaposhindwa katika kipimo. Yanashikilia kwamba kauli "gari linatoa moshi" haitoshi. Ni sharti tuulize ni moshi gani.

Mageuzi na athari zake

Aghalabu mageuzi hufanywa kwa nia ya kuongeza nguvu au mvuto. Pampu ya dizeli hufunguliwa ili imwage mafuta mengi zaidi. Sailensa huondolewa ili mngurumo usikike kutoka mbali. Katika magari ya petroli, huondolewa pia kichocheo kilicho katika bomba la moshi, ambacho mafundi wengi wa Tanzania hukiita "masega". Istilahi hii ni sitiari faafu, kwani ndani yake mna vitundu vingi mithili ya sega la asali. Kuta za vitundu hivyo hupakwa madini adimu, kama vile platinamu na paladiamu, yanayogeuza gesi za sumu kuwa zisizo na madhara makubwa. Kwa sababu ya thamani ya madini hayo, masega yakishatolewa ni nadra yarudi.

Rangi za moshi

Moshi mweusi huashiria kwamba mafuta yamezidi hewa. Chanzo chaweza kuwa kichujio cha hewa kilichoziba, nozo zilizochakaa, turbo inayovujisha hewa, au pampu iliyofunguliwa kupita kiasi. Moshi wa samawati huashiria kwamba oili ya injini inaungua. Hapa hushukiwa ringi za pistoni, sili za vali au turbo yenyewe. Moshi mweupe una maana mbili: ukitoka injini ingali baridi kisha ukatoweka, huenda ni mvuke tu au dizeli isiyoungua, ukiendelea injini ikiwa moto, huku maji ya rejeta yakipungua, yamkini gasketi ya kichwa cha injini imeungua.

Hata hivyo, kuna hali ambapo methali yetu haitufai. Gari la petroli lililotolewa masega laweza kukosa moshi kabisa machoni, ilhali linatoa kaboni monoksidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ndiyo maana kipimo cha mashine hakiwezi kubadilishwa na jicho la fundi, hata awe na tajiriba gani.

Utaratibu wa uchunguzi

Fundi stadi huanza na kilicho rahisi na cha gharama nafuu. Kwanza hukagua kichujio cha hewa na mipira ya turbo. Pili, hupima nozo na kuirejesha pampu katika kiwango kilichowekwa na watengenezaji. Tatu, hupima mgandamizo wa silinda ili kujua hali ya ringi. Mwisho hupasha injini moto na kurudia kipimo. Kwa upande wa masega, si busara kununua mapya kabla ya kutibu injini inayokula oili au inayomwaga petroli, kwa kuwa hayo mapya nayo yataharibika upesi.

Baadhi ya wamiliki husingizia mafuta. Ni kweli kwamba risasi katika petroli iliharibu vichocheo, lakini Kenya iliacha kuiuza petroli hiyo mwaka 2006. Aidha, mwaka 2015 kiwango cha salfa katika dizeli kilipunguzwa hadi sehemu 50 kwa kila milioni. Wengine huipunguza pampu siku ya ukaguzi na kuifungua tena jioni. Watu hao hufaulu mtihani, ila ugonjwa hubaki palepale.

Hitimisho

Ni bayana kwamba gereji ina usomi wake. Mwenye gari asiyetofautisha mweusi na samawati atauziwa nozo ilhali kilichochakaa ni ringi, na fedha zake zitapotea bure. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuzikusanya istilahi hizi na kuzieleza kwa usahihi. Mama anayeuza sukuma wiki kando ya barabara hasomi ripoti ya ukaguzi, lakini ndiye anayevuta hewa hiyo kutwa nzima.