Nani kinara wa kubana moshi?

Kati ya miradi inayozika hewa ukaa ardhini kwa ajili ya kuihifadhi tu, mkongwe kuliko yote ni Sleipner, eneo la gesi la Norway kwenye Bahari ya Kaskazini. Gesi ya pale ina hewa ukaa kama asilimia 9, na mnunuzi hataki izidi 2.5, kwa hiyo lazima itenganishwe. Kwingine ingeachiwa ipae zake. Lakini Norway ilianza kutoza kodi ya hewa ukaa mwaka 1991, wenye kisima wakapiga hesabu wakaona kuizika ni nafuu. Tangu 1996 wanaisukumia kwenye mchanga wa Utsira uliojaa maji ya chumvi, mita 800 na zaidi chini ya sakafu ya bahari. Juu yake kuna tabaka la mwamba wa tope lililokaa kama mfuniko wa chungu. Katika miaka yake mizuri ilizikwa karibu tani milioni moja kwa mwaka. Huruma kwa dunia haikuhusika sana. Ni bili ya kodi.

Mkubwa kwenye makaratasi ni Gorgon, kisiwani Barrow, Australia: ulianza kuzika 2019 ukilenga tani milioni 4 kwa mwaka. Haujafika huko. Mfumo wa kutoa maji ardhini ili kupunguza shinikizo ulisumbuliwa na mchanga.

Wengine hubana moshi kwa kutumia umeme badala ya kuchoma gesi baharini. Kati ya majukwaa ya zege, hakuna wa kushindana kwa urefu na jukwaa la gesi la Troll A, mita 472, linalopata umeme wake kwa kebo kutoka nchi kavu ya Norway. Maeneo mengine ya huko, Snorre na Gullfaks, yana mitambo 11 ya upepo inayoelea, megawati 88.

Nasi Afrika Mashariki tuna rekodi yetu, ingawa si ya kubana moshi: bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, refu kuliko mabomba yote ya mafuta ghafi yanayopashwa joto. Mafuta ya Uganda yana nta. Yakipoa huganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe Lushoto. Joto hilo nalo linataka umeme.

Sasa rekodi ya uvujaji, isiyotangazwa kwa mabango. Juni 2023 kisima kimoja Kazakhstan kililipuka, kikavuja zaidi ya miezi sita. Wachunguzi wa picha za setilaiti walikadiria tani 127,000 za methani. (Mabomba ya Nord Stream yalimwaga zaidi mwaka 2022, ila yale yalilipuliwa makusudi.) Kwa kipindi cha miaka 20, tani moja ya methani hupasha dunia joto mara 80 na ushei kuliko tani ya hewa ukaa. Zidisha: ni kama tani milioni 10, yaani miaka kumi ya kuzika kule Sleipner. Kilizibwa siku ya Krismasi, kwa tope zito.