Mama Mjamzito, Usilipuuze Baka Jeusi Linalobadilika

Kina mama wajawazito wanaoona baka jeusi kwenye ngozi likikua au kubadilika rangi wasisubiri mpaka wajifungue kwa kudhani ni mambo ya mimba tu. Huenda ikawa ni melanoma, saratani ya ngozi inayoweza kusambaa haraka mwilini.

Ni kweli mimba huibadili ngozi. Homoni zinapopanda, seli zinazotengeneza rangi huchangamka: chuchu hukoza weusi, mstari mweusi hujitokeza chini ya kitovu na wengine hupata mabaka usoni.

Melanoma huanzia kwenye seli hizo hizo. Ndiyo maana zamani baadhi ya madaktari waliamini kuwa mimba huichochea, wakawashauri wanawake waliowahi kuugua wasizae tena.

Hata hivyo, tafiti nyingi zilizolinganisha wagonjwa wajawazito na wasio wajawazito, ugonjwa ukiwa katika hatua ile ile, hazikuona tofauti ya vifo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kuwa homoni ya estrojeni inaweza hata kupunguza kasi ya melanoma kwa panya wa maabara. Lakini panya si binadamu, na mimba si kinga.

Hatari kubwa ni kuchelewa. Melanoma ikishasambaa ni vigumu kuitibu, na mara chache sana huweza kupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Sisi weusi tusijidanganye kuwa huu ni ugonjwa wa wazungu. Hutupata mara chache, lakini hujificha nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Ya Bob Marley ilikuwa kwenye kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, naye akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Mwenye tumbo la miezi minane kuziona nyayo zake ni kazi. Mume au dada amtazamie. Baka lenye rangi mchanganyiko, kingo zisizo sawa, linalokua, kuwasha au kutoa damu, pamoja na mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha mmoja, vinahitaji daktari.

Kipimo ni kukata kipande kidogo cha ngozi kwa ganzi ya hapo hapo, na mjamzito anaweza kufanyiwa bila wasiwasi.

Kliniki watakupima presha, damu na mkojo. Ngozi usipoitaja, huenda isitazamwe. Itaje.