Kuchomelea na Kulehemu: Istilahi za Karakana ya Shule

Katika kazi ya kusanifu istilahi tumezoea kuulizwa maneno ya sayansi na ya sheria. Maneno ya karakana huulizwa mara chache, kwa kuwa hudhaniwa kwamba mafundi wanayo tayari. Ni kweli wanayo. Lakini fundi hulitumia neno huku kazi yenyewe ikionekana mbele ya macho yake, ilhali mwanafunzi hulikuta kitabuni. Neno linalomtosha fundi huenda lisimtoshe mwanafunzi.

Haja ya istilahi hizi si ngeni. Mwaka 1967 siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari za Tanzania zilipangiwa michepuo, miongoni mwake kilimo na ufundi. Sasa toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 limeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Vitabu vingi vya ufundi vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini maelekezo ya karakanani aghalabu hutolewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwalimu ni mfasiri kila siku, apende asipende.

Tuchukue mambo ambayo mwanafunzi wa kilimo hujifunza kuyatengeneza: lango la zizi, kenchi za banda la kuku, mfereji wa kukingia maji ya mvua, hori la kunyweshea ng'ombe. Yote yanahitaji kuunga metali. Njia za kuunga kwa moto ni kadhaa, lakini mitaani nyingi huitwa kwa jina moja tu, kuchomelea. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kigezo cha kuzitenganisha njia hizi ni kimoja: je, vipande vinavyoungwa vyenyewe vinayeyuka? Katika njia ya kwanza vinayeyuka. Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi, na tao la umeme hulipita joto hilo kwa mbali. Kingo za vipande viwili huyeyuka, huchanganyika, na zikipoa huwa kitu kimoja. Kwa njia hii tunapendekeza neno *kuchomelea* lihifadhiwe. Umbo lake ni zuri: *choma*, *chomea*, *chomelea*, kama vile *shika*, *shikia*, *shikilia*. Unyambuaji huo wa mara mbili huongeza maana ya kutenda kwa ukamilifu. Kadhalika neno lina asili katika ujenzi wetu, kwani kuchomelea makuti ni kupachika makuti mapya mahali penye pengo.

Katika njia ya pili vipande haviyeyuki. Kinachoyeyuka ni metali nyingine laini, kama mchanganyiko wa risasi na bati, ambayo hupenya kati ya vipande na kuvishika. Joto lake huwa chini ya nyuzi 450. Hii ndiyo *kulehemu*, na metali inayoyeyushwa ni *lehemu*. Njia ya tatu hufanana na ya pili, ila kiungio huwa aloi ngumu zaidi, mara nyingi ya shaba, na joto hupita nyuzi 450. Tunapendekeza iitwe *kulehemu kwa shaba*, ili jina lenyewe lionyeshe undugu wa njia hizo mbili pamoja na tofauti yake.

Msomaji anaweza kuuliza: yapo madhara gani mtu akichanganya maneno haya? Tuseme mwongozo unaeleza jinsi ya kuunga mfereji wa mabati, na mfasiri akaandika “chomelea” mahali pa “lehemu”. Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na kuchemka kwenye nyuzi 907, yaani mapema sana kabla chuma hakijayeyuka. Mwanafunzi atakayelipiga tao la umeme atatoboa bati lake, na moshi mweupe wa zinki akiuvuta unaweza kumletea homa na kutetemeka saa chache baadaye. Kinyume chake nacho kina hatari: lehemu yenye risasi haifai kwa chombo cha maji ya kunywa, cha watu wala cha mifugo, kwa kuwa risasi ni sumu. Nalo lango la zizi lililolehemiwa tu haliwezi kustahimili msukumo wa fahali.

Neno *bati* lenyewe lina utata. Ni jina la metali inayotiwa katika lehemu, na papo hapo ni jina la karatasi ya chuma ya kuezekea. Hatuoni sababu ya kubuni neno jipya. Yatosha kuandika *metali ya bati* kwa maana ya kwanza na *bati la kuezekea* kwa ya pili, pale ambapo muktadha hautoshi kutofautisha.

Hatudai kwamba karakana haina msamiati. *Tindo*, *tupa*, *jiriwa*, *keekee*, *fuawe* na *ribiti* ni maneno yaliyokomaa, na mwalimu hana budi kuyatumia badala ya kuyakwepa. Kazi ya msanifu istilahi si kumnyang'anya fundi neno lake, bali ni kuliwekea mipaka ili likifika kitabuni lisimpotoshe mwanafunzi.

Twawaomba walimu wa ufundi na wa kilimo watuandikie maneno yanayotumika katika karakana zao, pamoja na maelezo ya kazi ambayo kila neno hutajia. Orodha isiyo na maelezo ya kazi haitusaidii sana, kwa sababu maana ya neno la fundi imo mikononi mwake.