Ng'ombe Wako Anafikaje Mnadani?

Ndugu msomaji, je, umewahi kuona lori la ng'ombe likipita Chalinze kuelekea Dar es Salaam? Pembe zimejaa juu ya mbao. Ukitazama vizuri, pengine utaona ng'ombe mmoja amelala chini. Wenzake wanamkanyaga. Mtu aliye juu ya lori anamchoma kwa fimbo ili asimame. Lakini hawezi kusimama.

Ng'ombe huyo ana mwenyewe. Mwenyewe amemchunga kwa miaka minne au mitano. Amempeleka joshoni. Amemnunulia dawa. Kazi ya miaka hiyo yote inaweza kuharibika kwa safari ya siku moja.

Makala hii inaeleza jinsi ya kumsafirisha mnyama bila kumtesa. Kufanya hivyo ni utu. Pia ni kulinda fedha yako.

SAFARI ZA ZAMANI NA ZA LEO

Bagamoyo ni mji wa misafara. Katika karne ya 19, misafara mingi ya kwenda bara ilianzia hapo. Mwaka 1871 mwandishi wa magazeti aliyeitwa Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone. Alikuwa na wapagazi wengi, punda, na farasi wawili. Farasi wote wawili walikufa mapema. Msafara ulikuwa bado haujafika mbali na pwani.

Siku hizi hatuna misafara ya namna hiyo. Tuna barabara za lami. Moja inatoka Bagamoyo mpaka Msata. Nyingine inatoka Chalinze mpaka Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 100 hivi. Wafugaji wa Lugoba, Msata na Miono wanaweza kupakia ng'ombe na kuwafikisha mnada wa Pugu siku hiyo hiyo.

Safari imekuwa fupi. Lakini mnyama anaweza kuumia sana hata kwa saa chache.

KWA NINI MNYAMA ANAOGOPA LORI?

Tujaribu kuona kama ng'ombe anavyoona. Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Anaona mbele kidogo, na anaona kulia na kushoto sana. Haoni nyuma ya mkia wake. Mtu akimjia kutoka nyuma ghafla, ng'ombe anashtuka na kupiga teke.

Ng'ombe hapimi vizuri kina cha kitu kilicho chini. Kivuli kilicho njiani anaweza kukidhani ni shimo. Ndiyo maana anasimama na kuinamisha kichwa. Watu husema ni mkaidi. Kumbe anataka kutazama kwanza.

Masikio yake ni makali. Kelele za watu na mlio wa mabati humtisha. Tena, ng'ombe ni mnyama wa kundi. Akitengwa peke yake, anaingiwa na hofu. Atataka kuruka ua ili arudi kwa wenzake.

Sasa fikiri siku ya kupakia. Ng'ombe anatolewa zizini. Anapigwa. Anasongwa mkia. Anapandishwa juu ya kitu kinachotikisika. Anawekwa na ng'ombe asiowajua. Kisha kitu hicho kinaanza kunguruma na kwenda mbio. Je, utashangaa akiogopa?

HOFU INAKULA NYAMA

Mnyama mwenye hofu hujisaidia mara nyingi. Hapati maji wala majani. Misuli yake inafanya kazi saa zote ili asianguke. Basi uzito wake unapungua. Kwanza yanapungua maji na mavi. Safari ikiwa ndefu, inapungua na nyama yenyewe.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme ng'ombe wako ana kilo 300. Katika kila kilo 100 anapoteza kilo 5. Basi amepoteza kilo 15. Atafika na kilo 285. Ukipeleka ng'ombe 10 wa namna hiyo, umepoteza kilo 150. Huo ni uzito wa nusu ya ng'ombe mmoja! Umemwacha barabarani bila kumuuza.

Hasara haiishii hapo. Mnunuzi wa mnadani anatazama. Akiona ng'ombe anachechemea, tumbo limeingia ndani na macho yamezama, atashusha bei. Naye ana sababu. Anajua mnyama huyo akichinjwa, nyama itakuwa na sehemu zilizovilia damu. Sehemu hizo hukatwa na kutupwa.

Nyama ya mnyama aliyechoka ina kasoro nyingine. Katika misuli ya ng'ombe mzima kuna akiba ya sukari. Mnyama akichinjwa, sukari hiyo hugeuka kuwa asidi kidogo. Asidi hiyo huifanya nyama iwe na rangi nzuri na ikae bila kuoza upesi. Mnyama aliyehangaika safarini ameimaliza akiba hiyo. Nyama yake huwa nyeusi, kavu, na huharibika upesi.

Hata ng'ombe wa kufuga huumia. Pengine umenunua mtamba au dume la mbegu kutoka mbali. Hofu na uchovu hupunguza nguvu ya mwili kupigana na magonjwa. Ugonjwa uliokuwa umejificha unaweza kuibuka baada ya safari. Nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ni mfano mmoja. Watu wa upande wa Saadani na Mkwaja wanawajua vizuri mbung'o.

KABLA YA SIKU YA SAFARI

Kwanza, mwone afisa mifugo. Atawakagua wanyama na kukueleza utaratibu wa kibali cha kuwasafirisha. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inasimamia jambo hili. Kibali kinazuia ugonjwa wa kijiji kimoja usipelekwe kijiji kingine.

Pili, chagua wanyama wenye nguvu. Usipakie mgonjwa, aliyevunjika, au mwenye mimba inayokaribia kuzaa. Wanyama hao huanguka kwanza.

Tatu, wape maji ya kutosha na majani makavu. Majani mabichi mengi huwaharisha. Sakafu ya lori itateleza, nao wataanguka.

Nne, tengeneza kipandio. Njia rahisi ni kujenga tuta la udongo lenye kimo sawa na sakafu ya lori. Lisiwe la kusimama sana. Kama kimo chake ni mita 1, urefu wa mteremko uwe mita 3. Weka ua imara pande zote mbili. Wanakijiji wakishirikiana, wanaweza kujenga tuta hilo, na litawafaa wote kwa miaka mingi.

Katika nchi nyingi watu husafirisha farasi kwa magari maalumu. Farasi ni mwoga kuliko ng'ombe. Kwa hiyo wafugaji wake humzoesha. Siku nyingi kabla ya safari, wanampandisha garini, wanampa chakula humo, kisha wanamshusha. Siku ya safari ikifika, farasi anapanda mwenyewe. Sisi pia tunaweza kufanya hivyo. Wapitishe ng'ombe wako kwenye kipandio mara kadhaa. Waache wanuse. Wape majani huko juu.

SIKU YA KUPAKIA

Kagua lori. Je, kuna misumari iliyotokeza? Je, kuna ubao uliovunjika? Mguu ukiingia katika tundu, utavunjika. Mwaga mchanga au nyasi kavu sakafuni ili wanyama wasiteleze.

Pakia alfajiri au jioni. Hapa pwani jua la Januari na Februari ni kali, na hewa ina unyevu. Ng'ombe waliobanana hawapati upepo. Wakati wa masika, ulizia kwanza hali ya njia ya kijijini. Lori likikwama matopeni, wanyama watakaa juu yake siku nzima.

Mtangulize ng'ombe mpole, aliyezoea watu. Wengine watamfuata. Simama ubavuni, karibu na bega, mahali anapoweza kukuona. Ukisogea nyuma ya bega lake, ataenda mbele. Tumia bendera ya kitambaa au fimbo ya kuelekezea. Usipige. Usisonge mkia. Usitumie fimbo yenye msumari. Akisimama kutazama, mpe nafasi. Haraka haraka haina baraka.

Usichanganye madume wasiojuana. Watapigana. Tenga wenye pembe ndefu na wasio na pembe. Tenga wakubwa na ndama.

NG'OMBE WANGAPI KATIKA LORI?

Hapa ndipo penye ugomvi. Anayelipwa kwa idadi ya vichwa hupenda kujaza lori. Lakini ng'ombe akifa, hasara ni ya mwenye ng'ombe.

Wataalamu wanasema ng'ombe mzima anahitaji nafasi ya mita ya mraba 1 mpaka 1.4, kwa kadiri ya ukubwa wake. Pima sakafu ya lori. Kama urefu ni mita 7 na upana ni mita 2, zidisha 7 kwa 2. Utapata mita za mraba 14. Lori hilo linatosha ng'ombe wadogo 14, au wakubwa 10. Kisomo chako kitumie hapa!

Wakizidi, mmoja akianguka hataweza kuinuka. Wakiwa wachache mno, watarushwa huku na huku. Basi weka boriti katikati ili kupunguza nafasi.

Mfugaji mwingine atasema, "Lori ni ghali. Mimi nina ng'ombe watatu tu." Ni kweli. Dawa yake ni umoja. Wafugaji wanne au watano wakodi lori moja kwa pamoja. Wapatane na dereva kabla ya safari juu ya idadi ya ng'ombe. Mmoja wao asafiri na wanyama mpaka mwisho.

NJIANI

Mwambie dereva aende polepole kwenye kona na matuta. Asifunge breki ghafla. Wewe uliyekaa kitini unashika mlango. Ng'ombe hana mkono wa kushika.

Simameni baada ya nusu saa ya kwanza. Tazameni kama kuna aliyeanguka. Baada ya hapo, kagueni kila baada ya saa mbili. Msikae muda mrefu juani. Lori likienda, upepo unapita. Lori likisimama, joto linapanda mara moja. Mkikaribia Kibaha na Dar es Salaam, foleni ya magari huwa ndefu. Hiyo ni sababu nyingine ya kusafiri alfajiri au usiku.

MBUZI NA KONDOO NAO

Wengi wetu tumeona mbuzi amefungwa miguu yote minne na kulazwa nyuma ya bodaboda. Kichwa kinaning'inia karibu na gurudumu. Kamba inakata ngozi. Mbuzi akilala ubavu kwa muda mrefu, tumbo linajaa gesi. Anaweza kufa kabla ya kufika. Afadhali atembee kama si mbali. Kama ni mbali, asimame katika gari au bajaji ya mizigo yenye ubavu.

Wako pia wanaovusha mifugo kwa jahazi kwenda Unguja, hasa inapokaribia Idi. Mafunzo ni yale yale. Msijaze chombo. Wekeni kivuli na maji ya kunywa. Bahari ikichafuka, msiondoke. Mnyama asitupwe majini wala asivutwe kwa pembe.

MKIFIKA

Washushe polepole. Msiwarushe kutoka juu ya lori. Wapeni maji kwanza, kisha majani. Waacheni wapumzike usiku mmoja kabla ya mnada, kama inawezekana. Ng'ombe aliyepumzika husimama vizuri. Mnunuzi anamwona ni mzima.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Sheria hiyo inakataza kumtesa mnyama, hata anaposafirishwa. Hivyo dereva, mchungaji na mwenye mali wote wana wajibu.

Ndugu msomaji, mfugaji hodari haachi kazi mnyama anapotoka zizini. Anaendelea kufuga mpaka mnyama amfikie mnunuzi. Ng'ombe hawezi kusema kwamba ana kiu, au kwamba mguu umebanwa. Macho yako ndiyo yanayomsemea.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kijiji chenu kina kipandio cha mifugo? Kama hakina, kijengwe wapi, na nani atafanya nini?

2. Lori lina sakafu ya urefu wa mita 6 na upana wa mita 2. Litachukua ng'ombe wadogo wangapi?

3. Mfugaji ana ng'ombe 6 wa kilo 250. Kila mmoja amepoteza kilo 10 safarini. Amepoteza kilo ngapi? Kwa bei ya nyama ya kijijini kwenu, hizo ni shilingi ngapi?

4. Nani katika kundi lenu atazungumza na madereva?