Kilo Ngapi, na za Kazi Gani?

Karibu kila kliniki ina chati ukutani: urefu upande mmoja, uzito upande wa pili, katikati rangi ya kijani, njano na nyekundu. Mgonjwa anapimwa, muuguzi anatafuta urefu wake, anashuka na kidole mpaka kwenye uzito, na hukumu inatoka hapo hapo. Mwenye sentimita 160 asizidi kilo 64. Akiwa na kilo 92, anaambiwa apunguze 28, kisha anaitwa anayefuata.

Hakuna aliyemuuliza apunguze kilo hizo ili apate nini. Anataka presha ishuke? Sukari irudi mahali pake? Goti linamuuma kila akipanda daladala? Anatafuta ujauzito? Kila jibu lina kilo zake, na mara nyingi ni chache kuliko zile za chati. Kuna wakati ni nyingi zaidi, hata kwa mtu ambaye chati imemwambia yuko salama. Ndiyo maana katika kazi yangu ya lishe naanza na tatizo, mizani inafuata.

Inasaidia kujua chati yenyewe ilikotoka. Hesabu iliyo ndani yake, yaani uzito kwa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo, ilianza na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa hesabu na nyota, na alichokuwa akitafuta ni sura ya binadamu wa wastani. Karne moja baadaye kampuni ya bima ya maisha ya Metropolitan, ya New York, ikatoa majedwali ya uzito unaofaa, ya wanawake mwaka 1942 na ya wanaume mwaka 1943, kwa kutazama wateja wake gani waliishi muda mrefu. Uzito ulihesabiwa pamoja na nguo, urefu pamoja na viatu, na watu wakagawanywa katika umbo dogo, la kati na kubwa bila kuelezwa mtu atajuaje umbo lake ni lipi. Mwaka 1972 Ancel Keys na wenzake wakachukua vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano, wakairudisha hesabu ya Quetelet na kuipa jina tunalolijua leo, BMI. Katika vipimo hivyo hakuwamo mwanamke hata mmoja.

Hata mistari ya rangi imewahi kuhamishwa. Mpaka mwaka 1998 Wamarekani walianza kuhesabu uzito uliozidi kwenye BMI ya 27 na kitu. Mwaka huo wakashusha mstari hadi 25, na mamilioni ya watu wakaamka wana uzito uliozidi bila kuongeza hata gramu moja.

Sisemi chati ing'olewe. Ukitaka kujua kama wanawake wa Dar es Salaam wamenenepa kuliko miaka kumi iliyopita, hakuna kipimo rahisi na cha bei nafuu kama hicho. Na mtu mwenye BMI ya 36 ana kila sababu ya kupimwa sukari na presha leo, si kesho. Ila kazi ya chati iishie hapo, kumwita mtu aje achunguzwe. Kumwambia aende wapi ni kazi nyingine, na chati haina habari za kutosha kuifanya. Haijui mafuta yamekaa wapi mwilini, misuli ni kiasi gani, mtu ana miaka mingapi, wala ukoo wake umetoka upande gani wa dunia.

Hilo la ukoo linatuhusu sana watu wa pwani. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianze kwenye BMI ya 23, si 25. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu wazima karibu milioni moja na nusu. Hatari ya kisukari ambayo Mzungu aliifikia kwenye BMI ya 30, mwenye asili ya Asia Kusini aliifikia kwenye 23.9, Mwarabu kwenye 26.6, na mtu mweusi kwenye 28.1. Namba hizo ni za watu wanaoishi Uingereza na tusizihamishe kama zilivyo. Lakini fikiria mtaa mmoja wa Mombasa au Zanzibar, wenye majirani wa asili hizo zote tatu, wote wanasomewa chati moja.

Mafuta yamekaa wapi? Hapo ndipo ninapotumia muda mwingi na mgonjwa. Mafuta ya makalio na mapaja yana utulivu. Yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo na kujipenyeza kwenye ini na kongosho, ndiyo yanayoharibu kazi ya insulini. Kifaa cha kuyakisia ni futi ya fundi cherehani. Zungusha katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usilivute tumbo ndani. (Wanaume, si pale mnapofungia mkanda. Wengi mnaufunga chini ya kitambi na kutangaza kwamba kiuno hakijabadilika tangu harusi.) Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, kuna jambo la kuangalia. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliingiza kanuni hiyo ya nusu katika mwongozo wake mwaka 2022, na naipenda kwa sababu haihitaji chati wala kikokotoo.

Sasa tuchukue watu wawili. Wa kwanza ni yule mama wa sentimita 160 na kilo 92. Ana miaka 54, sukari yake imeanza kupanda ila haijawa kisukari, presha inachezea mpakani, magoti yanalia. Chati inamdai kilo 28. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, uliwapa watu wa hali yake lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Katika kipindi cha karibu miaka mitatu hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, na uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kuwa kila kilo moja iliyopungua iliendana na hatari kushuka kwa takriban asilimia 16. Kwa mama huyu asilimia 7 ni kilo sita na nusu. Presha kwa kawaida hushuka karibu pointi moja kwa kila kilo. Na goti hupunguziwa kama kilo nne za mzigo kwa kila hatua, kwa kila kilo moja aliyoipoteza mwenye nalo. Lengo lake la kwanza basi ni kilo 85 hivi. Chati bado itamweka kwenye nyekundu, lakini damu yake na magoti yake yatakuwa yanaelekea kwingine kabisa.

Wa pili ni mwanamume wa sentimita 170 na kilo 70. Mikono myembamba, miguu myembamba, kitambi kimetangulia mbele, kiuno sentimita 98. BMI yake ni 24, kijani kibichi, na amekwisha kupata kisukari cha aina ya pili. Ndugu zake wanamwambia ale ashibe kwa sababu amekonda uso. Profesa Roy Taylor wa Newcastle ana maelezo yanayomfaa: kila mtu ana kiwango chake cha mafuta anachoweza kukihifadhi salama, na akikivuka mafuta humwagikia ini na kongosho, awe mnene wa kutazamwa au la. Mwaka 2023 timu yake ilitoa matokeo ya watu 20 wenye kisukari ambao BMI yao haikufika 27. Walipungua kwa wastani asilimia kama 11, na 14 kati yao sukari ilirudi katika hali nzuri bila dawa. Huyu bwana huenda akahitaji kupunguza kilo saba au nane, tena chini ya uangalizi wa daktari, huku akinyanyua vitu vizito ili misuli michache aliyo nayo isiondoke pamoja na mafuta.

Kwa wanene waliopata kisukari karibuni lengo huwa kubwa zaidi. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, karibu nusu ya waliopewa mpango maalumu wa chakula walikaa bila dawa na bila kisukari baada ya mwaka mmoja. Lakini kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, waliofanikiwa walikuwa asilimia 86. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuachana na vidonge vya sukari, siwezi kumridhisha na kilo tano. Namwambia ukweli wa kilo 15, tunaangalia kama maisha yake yanazibeba, na tunakubaliana.

Namba ambazo watu wanakuja nazo wenyewe ni habari nyingine. Nyingi zinatoka kwenye picha ya harusi, au kwa rafiki aliyepungua baada ya kuumwa. Mwaka 1997 Gary Foster na wenzake wa Pennsylvania walichapisha utafiti wa wanawake 60 wanene walioulizwa, kabla ya matibabu, wataje uzito wa ndoto zao, uzito ambao wangeufurahia, uzito ambao wangeupokea shingo upande, na uzito ambao ungewavunja moyo. Kupungua kilo 25 kulikuwa kwa shingo upande. Kilo 17 kulikuwa kuvunjika moyo. Baada ya wiki 48 wastani wao ulikuwa kilo 16, matokeo ambayo kliniki nyingi zingeyapigia vigelegele, na karibu nusu yao hawakufika hata kwenye ule uzito wa kuvunja moyo. Watu waliofanya vizuri wakatoka wanajiona wameshindwa. Lengo baya linaweza kumfanyia hivyo mtu, na anayejiona ameshindwa hurudi kwenye chipsi mayai akiwa na hasira.

Kwetu kuna mzigo mwingine ambao vitabu vya Marekani haviujui. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilichapisha habari za ugonjwa mpya kusini-magharibi mwa Uganda ambao wananchi waliuita Slim, kwa jinsi ulivyowamaliza watu mwili. Ulikuwa ukimwi. Kizazi kizima cha Afrika Mashariki kikazoea kuutazama uso uliopungua kwa jicho la mashaka, na dawa za leo hazijaufuta mtazamo huo. Mama mmoja aliniambia waziwazi: "Dokta, nikipungua zaidi ya hapa wenzangu wa kikoba watasema naumwa." Sikumcheka. Uzito usioweza kutembea nao mtaani bila kuhojiwa hautadumu. Tulikubaliana kupunguza taratibu, kama nusu kilo kwa wiki, na amwambie mapema shangazi yake mwenye mdomo, ili habari itangulie kabla ya uvumi.

Tofautisha tu na kupungua usikokutafuta. Asilimia 5 ya uzito ikiondoka ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila wewe kubadilisha chochote, usipokee pongezi. Nenda ukapimwe kifua kikuu, sukari, virusi vya ukimwi, tezi ya shingo, na daktari aangalie uwezekano wa saratani.

Wazee nao wana hesabu yao. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa waliopita miaka 65, vifo vilikuwa vichache zaidi katika BMI ambazo chati ya vijana inaziita uzito uliozidi, na waliokuwa chini ya 23 walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Babu wa miaka 74 mwenye BMI ya 27, anayekwenda msikitini kwa miguu na kurudi, simpi lengo la kupungua. Namuuliza anakula maharage, dagaa au mayai mara ngapi, na kama anaweza kunyanyuka kitini bila kushika. Isitoshe urefu wake umepungua kwa uzee, na urefu ukipungua BMI hupanda hata kama mwili ni ule ule.

Mgonjwa akishaeleza tatizo lake, namuuliza historia: alikuwa na kilo ngapi akiwa na miaka 25, uzito mkubwa aliowahi kufika ni upi, na upi mdogo aliowahi kukaa nao mwaka mzima bila kupigana na njaa. Huo wa mwisho ni mwongozo mzuri kuliko rangi ya kijani, kwa sababu mwili uliopungua hutumia nishati kidogo na huongeza njaa, na ukisukumwa mbali sana utadai deni lake. Kisha tunaweka hatua moja tu, asilimia 5 hadi 10 kwa miezi sita, tena kama masafa na si namba moja, maana maji na chumvi peke yake vinaweza kuyumbisha mizani kilo moja au mbili kati ya Jumatatu na Jumatano. Hatua ikifikiwa tunakaa hapo miezi michache. Tunarudia vipimo vya damu, presha na kiuno. Tatizo likiwa limekwisha, huo ndio uzito wake, hata chati ikinuna. Likiwa bado, tunajadili hatua nyingine.

Jambo moja lisingoje hatua yoyote. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi amwone daktari wake kabla ya kupunguza chakula. Dozi iliyokuwa sawa kwa sahani ya jana inaweza kuwa kubwa mno kwa sahani ya leo, na sukari ikashuka ghafla usiku. Vivyo hivyo kwa dawa za presha, uzito ukianza kushuka na kizunguzungu kikaanza kila anaposimama.